Seli Shina za Lukemia na Dawa Zilizotumwa Kuzifuata Mafichoni

Lukemia, ambayo wengi huiita saratani ya damu, huanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Seli changa za damu nyeupe huzaana bila kukoma, hazipevuki, na husongamana hadi seli nyekundu na chembe za kugandisha damu zinakosa nafasi. Mgonjwa hupauka, huishiwa pumzi kwa kupanda ngazi mbili tatu, hutokwa na damu kwenye fizi, na homa ambayo mwenzake angeilalia siku moja humweka kitandani wiki nzima. Kuziua seli hizo si kazi ngumu kama inavyodhaniwa, kwani hata dawa za mwanzo kabisa ziliua mabilioni yake. Shida ni kwamba hurudi. Anayepalilia shamba lenye ndago anaijua hali hiyo: majani hukatwa asubuhi, shamba likaonekana safi, na baada ya mvua moja ndago imechipua upya, maana viazi vyake vidogo vilibaki chini. Kwa lukemia, kinachobaki chini ni seli shina zake, na madaktari walihitaji takriban karne moja na nusu kuzitambua. Katika muda huo dawa ziliunganishwa mbili mbili, tatu tatu na hata nne nne, na mara nyingi sababu ya kuunganisha ilikuwa moja: ficho jingine lilikuwa limegunduliwa.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa kitabibu mwaka 1845, karibu wakati mmoja katika miji miwili. Huko Edinburgh, John Hughes Bennett alimpasua maiti fundi wa kuezeka mapaa mwenye umri wa miaka 28 ambaye bandama yake ilikuwa imevimba kupita kiasi, akakuta damu iliyojaa kitu kama usaha. Yeye aliamini kuwa ni usaha kweli. Huko Berlin, kijana Rudolf Virchow aliona damu ya namna hiyo hiyo, lakini akakataa kuiita usaha. Aliiita damu nyeupe, na mwaka 1847 akaupa ugonjwa jina la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo, ndilo lukemia. Ernst Neumann, naye Mjerumani, alionyesha mwaka 1868 kwamba damu hutengenezwa ndani ya uboho, na muda si mrefu akaiunganisha lukemia na uboho huo. Tiba haikuwepo. Tangu miaka ya 1860 baadhi ya madaktari waliwapa wagonjwa matone ya aseniki, sumu inayojulikana tangu zama za kale, na bandama za wachache zilinywea kwa muda. Aseniki itarudi katika masimulizi haya kwa mlango mwingine.

Mlango wa kwanza wa dawa halisi ulifunguliwa Boston. Sidney Farber, mtaalamu wa maradhi wa hospitali ya watoto, alikuwa ameona kwamba asidi foliki, vitamini inayosaidia damu kuzaliwa, ilionekana kuuchochea ugonjwa kwa watoto wenye lukemia. Akageuza hoja: kama vitamini inailisha lukemia, basi kitu kinachofanana nayo lakini kisichofanya kazi yake kitaishindisha njaa. Kitu hicho, aminopterini, kilitengenezwa na kundi la Yellapragada Subbarow, mwanakemia mzaliwa wa India aliyefanya kazi katika kampuni ya Lederle. Mwezi Juni 1948 Farber aliripoti watoto 16 waliotibiwa, na 10 kati yao walipata nafuu iliyoonekana wazi hata kwenye hadubini. Watoto waliokuwa wakingoja kufa walirudi kucheza. Nafuu hiyo ilidumu miezi tu. Baadaye zikaja dawa za jamii ya kotisoni, kisha merkaptopurini iliyobuniwa na Gertrude Elion na George Hitchings na kuidhinishwa Marekani mwaka 1953. Kila moja ilileta miezi yake, halafu ugonjwa ukarudi, na ukirudi haukuisikia tena dawa ile ya kwanza.

Kwa nini urudi ikiwa hadubini haioni hata seli moja mbaya? Jibu la kwanza lilitoka Birmingham, katika jimbo la Alabama, ambako Howard Skipper alikuwa akiwahesabu panya. Aliwadunga lukemia ya maabara iitwayo L1210, akagundua mambo mawili yaliyowatisha wenzake. La kwanza: seli moja tu, ikiachwa, inatosha kumwua panya. La pili: dozi fulani ya dawa haiui idadi fulani ya seli, bali huua sehemu ile ile ya seli zilizopo, ziwe nyingi au chache. Panya mwenye seli milioni moja akipewa dawa inayoua asilimia 99 hubaki na seli elfu kumi. Dozi ya pili humwachia mia, ya tatu humwachia moja, na hiyo moja ndiyo itakayomwua. Kwa binadamu hesabu ni kubwa zaidi, kwani mgonjwa anapogunduliwa anaweza kuwa na seli za lukemia zipatazo trilioni moja, na hadubini inapotangaza kwamba uboho ni safi, huenda bilioni moja bado zipo. Kwa hiyo kuacha tiba siku mgonjwa anapopata nafuu ni kumwachia adui ngome wakati amebakiza askari wachache.

Katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, huko Bethesda, Emil Frei na Emil Freireich waliichukua hesabu hiyo wakaingia nayo wodini, James Holland akiwa mshirika wao kutoka Buffalo. Wodi yenyewe ilikuwa na watoto waliotokwa na damu hadi mashuka yakalowa, na Freireich alilazimika kwanza kupigania wapewe chembe za kugandisha damu kabla ya kuzungumzia dawa yoyote. Wazo la kuunganisha dawa waliliazima kwenye kifua kikuu. Yeyote aliyempeleka mgonjwa wa TB kliniki anajua kuwa hapewi kidonge cha aina moja. Streptomaisini ikitolewa peke yake huacha vijidudu sugu, na vijidudu hivyo humrudishia mgonjwa maradhi. Frei na Freireich walichagua dawa nne ambazo kila moja huidhuru seli kwa njia yake na kila moja ina madhara yake tofauti, ili sumu zisirundikane kwenye kiungo kimoja: vinkristini, amethopterini, merkaptopurini na prednisoni. Herufi za mwanzo za majina hayo ziliupa mpango jina la VAMP. Vinkristini, dawa mpya kuliko zote nne, ilitolewa kwenye mmea wa maua ya rangi ya waridi wenye asili ya Madagaska, ambao leo hupandwa kwenye bustani nyingi za pwani ya Afrika Mashariki bila mwenye bustani kujua una nini ndani yake.

Wenzao wengi waliuona mpango huo kuwa ukatili. Sumu moja ilikuwa imewachosha watoto, sembuse nne. Lakini nafuu ilikuja kwa wengi, na ikadumu kuliko ilivyowahi kudumu. Halafu watoto waliokuwa na damu safi na uboho safi wakaanza kulalamika kuumwa kichwa na kutapika. Lukemia ilikuwa imejificha kwenye utando wa ubongo, mahali ambapo dawa nyingi zilizodungwa kwenye mshipa hazifiki. Hilo ndilo ficho la kwanza kutambuliwa, na lilikuwa ficho la mahali. Donald Pinkel, mkurugenzi wa kwanza wa hospitali ya St. Jude iliyofunguliwa Memphis mwaka 1962, alilifuata kwa mionzi ya kichwa pamoja na dawa iliyodungwa kwenye uti wa mgongo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu nusu ya watoto waliopitia mpango huo walikuwa wanaishi bila ugonjwa, jambo ambalo miaka kumi kabla hakuna aliyethubutu kuliita uponyaji.

Kampala nayo ilikuwa na sehemu yake. Uvimbe wa taya kwa watoto uliochunguzwa na Denis Burkitt hospitalini Mulago si lukemia bali ni limfoma, lakini ni ndugu wa karibu. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa hapo, ndicho kilichokuwa chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda, na John Ziegler na wenzake wakazijaribu dawa kadhaa, moja moja na kwa pamoja. Wao pia walikutana na ficho lile lile la utando wa ubongo. Ziegler na Burkitt wote wawili walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker mwaka 1972 kwa kazi ya kutibu saratani kwa dawa.

Ushindi wa watoto haukuwafuata watu wazima. Aina inayowapata wao zaidi, lukemia kali ya mieloidi, ilipata mpango wake mwaka 1973: siku saba za sitarabini, dawa iliyobuniwa kwa kuiga kemikali za sifongo wa bahari ya Karibi, na siku tatu za daunorubisini inayotokana na bakteria wa udongoni. Mpango huo wa saba na tatu uliwaletea nafuu zaidi ya nusu ya wagonjwa waliouweza, na miongo mitano baadaye bado unatumika. Wengi wa waliopata nafuu ugonjwa uliwarudia. Dozi ziliongezwa hadi kiwango ambacho mwili haukustahimili, na bado ulirudi. Hapo hesabu ya Skipper ilianza kuonyesha pengo lake. Ilichukulia kwamba seli zote za lukemia ni sawa, kila moja ikiwa na uwezo wa kuanzisha ugonjwa upya. Kwa L1210 dhana hiyo ilikaribia ukweli. Kwa binadamu haikuwa kweli.

Ushahidi wa kwanza kwamba seli za damu haziko sawa ulipatikana Toronto, na haukutafutwa. James Till, mwanafizikia, na Ernest McCulloch, daktari, walitaka kupima tu jinsi mionzi inavyoudhuru uboho. Waliwaunguza panya kwa mionzi hadi uboho wao ukafa, kisha wakawadunga uboho wa panya wazima kwa vipimo tofauti. Siku ya kumi ya jaribio moja iliangukia Jumapili. McCulloch alikwenda maabara peke yake, akawapasua panya, akaona bandama zao zimejaa vinundu kama upele. Angeweza kuvipuuza. Badala yake alivihesabu, akachora kwenye karatasi idadi ya seli zilizodungwa na idadi ya vinundu, na nukta zikajipanga katika mstari ulionyooka: takriban kinundu kimoja kwa kila seli elfu kumi za uboho. Ripoti ilitoka mwaka 1961, na miaka miwili baadaye wao na mwanafunzi wao Andrew Becker walithibitisha kuwa kila kinundu kimezaliwa na seli moja. Ndani ya uboho, basi, kuna seli chache zenye uwezo wa kuzaa damu ya kila namna na pia kujizaa zenyewe. Hizo ndizo seli shina.

Swali lililofuata lilijileta lenyewe: je, lukemia nayo ina seli shina zake? Huko New York, Bayard Clarkson na wenzake walikuwa wameonyesha kwa kemikali zenye mionzi kwamba sehemu ndogo ya seli za lukemia hazigawanyiki kabisa kwa siku nyingi. Zinalala. Lakini kulala si ushahidi wa kuwa mzizi, na uthibitisho ulichelewa hadi walipopatikana panya wasio na kinga, ambao miili yao haiikatai seli ya binadamu. Mwaka 1994 Tsvee Lapidot na wenzake, katika maabara ya John Dick iliyokuwa mji ule ule wa Toronto, walichukua damu za watu wenye lukemia kali ya mieloidi, wakazitenganisha seli kwa alama zilizo juu ya ngozi zake, wakawadunga panya. Makundi mengi hayakufanya lolote. Kundi moja dogo, lenye alama ya CD34 na lisilo na alama ya CD38, liliota ndani ya panya na kuizaa lukemia nzima ya mgonjwa. Kwa makadirio yao, seli yenye uwezo huo ilikuwa moja katika kila seli 250,000. Mwaka 1997 Dominique Bonnet na Dick waliliimarisha jambo hilo kwa wagonjwa wa aina zaidi. Baadaye panya wenye kinga hafifu zaidi walionyesha kwamba alama hizo si sheria isiyovunjika, na kwamba idadi hubadilika kulingana na mgonjwa na hata kulingana na panya. Wazo la msingi lilibaki limesimama.

Mtu akilitazama jambo hilo, kushindwa kwa miaka thelathini kunaeleweka. Dawa za zama za Frei na Pinkel nyingi huishambulia seli inapogawanyika. Seli shina ya lukemia huweza kukaa bila kugawanyika, imejibana kwenye kona za uboho zinazoilinda, na mara nyingi ina pampu kwenye ngozi yake zinazoitapisha dawa nje. Mpango wa saba na tatu huua watoto na wajukuu, na bibi yao amelala chumba cha ndani. Ficho la pili lilikuwa usingizi.

Ficho la tatu liligunduliwa kwenye ugonjwa ulioonekana kuwa umeshashindwa. Lukemia sugu ya mieloidi ina chanzo kinachojulikana kuliko saratani nyingi: kromosomu fupi iliyoonwa Philadelphia mwaka 1960 na Peter Nowell na David Hungerford, ambayo Janet Rowley wa Chicago alionyesha mwaka 1973 kuwa imetokana na kubadilishana vipande kati ya kromosomu ya 9 na ya 22. Mabadilishano hayo huunda protini moja mpya, BCR-ABL, kimeng'enya kisichozimika, ambacho huiamuru seli izae usiku na mchana. Nicholas Lydon na wenzake katika kampuni ya Ciba-Geigy, iliyokuja kuwa sehemu ya Novartis, walitengeneza kidonge cha kukiziba kimeng'enya hicho, na Brian Druker wa Oregon akakisimamia kuanzia maabara hadi kwa wagonjwa, ambao wa kwanza walikimeza mwaka 1998. Miongoni mwa wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, damu ya 53 ilirudi kuwa ya kawaida. Imatinibu iliidhinishwa Marekani Mei 2001. Bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa nchi nyingi, na tangu mwaka 2002 mpango wa msaada wa Novartis na shirika la Max Foundation uliifikisha bure kwa wagonjwa wa nchi mbalimbali zikiwemo Kenya na Tanzania.

Wakati ulimwengu unasherehekea, Tessa Holyoake huko Glasgow alikuwa akitazama rangi. Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Seli hutiwa rangi inayong'aa, na kila seli ikigawanyika rangi hugawanywa nusu kwa nusu. Baada ya siku kadhaa, seli iliyofifia imezaa mara nyingi na inayong'aa kama siku ya kwanza haijazaa hata mara moja. Maabara ya Holyoake ilizitia seli za wagonjwa kwenye imatinibu na kungoja. Zilizofifia zilikufa. Zilizong'aa zilibaki hai, zikiwa na kromosomu ya Philadelphia ndani yake. Ripoti yao ya mwaka 2002 iliwatahadharisha waliodhani kidonge kimoja kimemaliza kazi. Mwaka 2011 kundi la Druker lenyewe liliongeza jambo zito zaidi: ndani ya seli hizo za msingi kimeng'enya kilikuwa kimezibwa barabara, na bado ziliishi. Hazikuwa zinamtegemea bwana yule tuliyemfunga. Kuongeza dozi ya imatinibu, au kuibadili kwa dawa kali zaidi za jamii yake, kusingesaidia. Ilihitajika dawa ya pili inayogusa kile ambacho seli inakitegemea kweli.

Dawa za pili zilitafutwa hadi kwenye makabati ya dawa za kawaida. Ilionekana kwamba seli ikizibiwa BCR-ABL hujila yenyewe kidogo kidogo ili isife njaa, na kwamba klorokwini, ile ile iliyokuwa dawa ya malaria nyumba kwa nyumba Afrika Mashariki, huvuruga ulaji huo. Imatinibu ikaunganishwa na haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini, katika jaribio lililoongozwa kutoka Glasgow. Wagonjwa 62 walishiriki, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha tofauti ya wazi baada ya miezi 12. Dozi ambayo mtu anaweza kuivumilia haikutosha kufanya katika mwili kile kilichofanyika maabara. Ufaransa ilijaribu pioglitazoni, kidonge cha kisukari, kwa hoja kwamba huzipunguzia seli shina protini ya STAT5 inayozilaza. Ripoti ya mwaka 2015 ilieleza wagonjwa watatu ambao mabaki ya ugonjwa yaliondoka na hayakurudi kwa miaka hata baada ya kuiacha pioglitazoni. Watatu ni wachache mno kujengea tiba. Kundi la Holyoake, mwaka mmoja kabla hajafariki, lilionyesha kwa panya kwamba kuigusa kwa pamoja p53, protini inayoamuru seli kufa, na c-MYC, inayoamuru seli kukua, huzimaliza seli shina za ugonjwa huu na kuziacha nyingi za kawaida.

Jambo la ajabu ni kwamba baadhi ya wagonjwa waliacha dawa na hawakuhitaji ya pili. Jaribio la STIM la François-Xavier Mahon huko Ufaransa liliwachukua wagonjwa 100 ambao vipimo havikuona ugonjwa kwa miaka miwili au zaidi, likawaachisha imatinibu. Kati ya 69 waliofuatiliwa kwa mwaka mzima au zaidi, takriban asilimia 41 walibaki salama. Kwa wengine ugonjwa ulirudi, wengi ndani ya miezi sita, na imatinibu ikautuliza tena. Vipimo vya ndani zaidi vilivyofanywa Australia vilikuta alama ya BCR-ABL bado ipo hata kwa baadhi ya waliobaki salama.

Mahali pa wazi zaidi ambapo kuunganisha dawa kumeng'oa mzizi karibu kwa kila mgonjwa ni lukemia ya promielositi, ambayo zamani iliua haraka kuliko nyingine zote kwa kumvujisha mgonjwa damu. Njia mbili zilianzia China. Huko Harbin, katika miaka ya 1970, Zhang Tingdong na wenzake waliichunguza dawa ya mganga wa kijijini yenye aseniki, zebaki na sumu ya chura, wakagundua kuwa kinachofanya kazi ni aseniki. Huko Shanghai, mwaka 1985, Wang Zhenyi alimpa mtoto wa kike wa miaka 5 asidi ya retinoiki, inayotokana na vitamini A, na mtoto akapona. Kati ya wagonjwa 24 wa ripoti ya mwaka 1988 karibu wote walipata nafuu, seli zao zikipevuka badala ya kuuawa. Lakini kwa retinoiki peke yake ugonjwa ulirudi.

Siri ilikuwa kwenye protini inayousababisha ugonjwa. Ina ncha mbili zilizoshonwa pamoja kimakosa, PML na RARA. Retinoiki hushika ncha ya RARA, aseniki hushika ncha ya PML, na kila moja hupeleka protini nzima kuvunjwavunjwa. Mwaka 2008 kundi la Hugues de Thé huko Paris lilionyesha kwa panya kwamba kupevuka kwa seli si kipimo cha kupona. Kinachohesabika ni protini hiyo kuvunjwa, kwani hapo ndipo seli zinazoanzisha ugonjwa hutoweka. Kwa lugha ya masimulizi haya, dawa mbili hazikugawana seli, bali zilimkamata adui mmoja mikono yote miwili. Jaribio la Italia na Ujerumani lililochapishwa na Francesco Lo-Coco mwaka 2013 lililinganisha retinoiki na aseniki dhidi ya retinoiki na dawa za kawaida za saratani. Baada ya miaka miwili, asilimia 97 ya kundi la aseniki waliishi bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 86 ya kundi jingine.

Lukemia nyingine kali za mieloidi hazina protini moja ya kukamatwa hivyo. Kwa hizo ilibidi kutafuta udhaifu wa seli shina wenyewe. Craig Jordan na Monica Guzman walionyesha mwaka 2005 kwamba parthenolidi, kemikali ya mmea wa dawa wa Ulaya, inaweza kuziua maabara, ingawa haikuwa dawa ya kumeza. Kundi hilo la Jordan lilifika mahali penye manufaa zaidi mwaka 2013. Seli hizo zilizolala hula kidogo, na karibu nishati yake yote hutoka kwenye mitokondria. Zikizimiwa mitokondria haziwezi kugeukia sukari kama seli nyingine zifanyavyo. Protini ya BCL-2, inayojulikana tangu miaka ya 1980 kwa kuizuia seli isijiue, ndiyo pia inayotunza moto huo. Dawa ya kuiziba ilikuwa imekwisha kutengenezwa, venetoklaksi, kidonge kilichotokana na kazi ya kampuni za AbbVie na Genentech pamoja na watafiti wa Melbourne.

Venetoklaksi ikaunganishwa na azasitidini, dawa iliyobuniwa Prague mwaka 1964. Mwaka 2018 Daniel Pollyea na wenzake walizichukua seli za wagonjwa wenyewe wakiwa katikati ya tiba hiyo, wakaona mitokondria za seli shina zikizimika ndani ya siku chache. Jaribio la VIALE-A la mwaka 2020 lilihusisha watu 431 wazee au dhaifu mno kwa mpango wa saba na tatu. Waliopata dawa zote mbili waliishi kwa wastani wa kati miezi 14.7, dhidi ya 9.6 kwa waliopata azasitidini peke yake, na nafuu kamili ya aina mbalimbali iliwafikia asilimia 66.4, dhidi ya 28.3. Ni tiba ya kwanza yenye mafanikio mapana katika ugonjwa huo ambayo inaelezeka kwa kuzifuata seli shina, si kwa kuongeza sumu.

Tiba hiyo ilishindwa kwa baadhi, na sababu ilifahamika mwaka ule ule: lukemia zenye sura ya monositi hutegemea protini nyingine, MCL-1, hivyo BCL-2 ikizibwa hazijali, na kwa wengine ugonjwa uliorudi ulirudi ukiwa na sura hiyo. Njia ya kuziondolea seli shina kinga ya CD47, inayowaambia walinzi wa mwili wasizile, iligunduliwa katika maabara ya Irving Weissman huko Stanford na ikaleta matumaini makubwa. Dawa yake, magrolimabu, ilishindwa katika majaribio makubwa ya kuiunganisha na azasitidini, na kufikia mwaka 2024 ilikuwa imeachwa. Mwezi Novemba mwaka huo huo Marekani iliidhinisha revumenibu, inayoziba protini ya menini katika lukemia zenye jeni la KMT2A lililovunjika, na majaribio ya kuiunganisha na venetoklaksi na dawa za jamii ya azasitidini yalikuwa yamekwisha kuanza.

Kikwazo cha mipango ya dawa tatu hakiko kwenye lukemia peke yake. Seli shina za kawaida zimo katika uboho ule ule, na kila dawa inayoongezwa huzichelewesha kuzaa damu. Ndiyo maana hata katika mpango wa dawa mbili, siku za venetoklaksi katika kila mzunguko wa siku 28 mara nyingi hupunguzwa hadi 21 au 14 baada ya uboho kusafika, na mzunguko unaofuata hungoja hadi seli za damu zipande tena.